Juu ya neno "stripe" la Kiingereza, na kazi ya kutia milia

Mwalimu mmoja kijana wa huku kwetu Kwai aliniletea daftari la mwanafunzi wake, nalo lilikuwa na tafsiri ya habari ya Paulo na Sila gerezani Filipi, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Mtoto ameandika kwa mkono mzuri kabisa kwamba yule mlinzi wa gereza aliwachukua usiku ule ule akawaosha milia yao. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, nimpe alama au nimnyime? Maana kamusi yasema wazi kwamba 'stripe' ni mlia." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa mimi mwenyewe nalipata kuteleza mahali pale pale, tena si katika daftari bali mbele za watu. Habari yangu nitaieleza mbele. Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe, kwa sababu naona kwamba kosa la mtoto huyu si la uvivu. Ni kosa la mtu aliyetii kamusi.

Neno "stripe" katika Kiingereza lina mizizi yake katika lugha za Wadachi wa kaskazini na Waholanzi, nalo limekuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 15. Maana yake ya kwanza ni ukanda mwembamba wa rangi nyingine uliopita juu ya kitu, kama vile juu ya nguo. Maana yake ya pili ni pigo la mjeledi, au alama ile inayovimba juu ya ngozi mahali mjeledi ulipopita. Si vigumu kuona jinsi maana ya pili ilivyozaliwa na ya kwanza: mgongo uliopigwa huonekana una mistari. Tena Waingereza wana desturi ya kulichukua jina la kitu na kulifanya kuwa tendo pasipo kuliongeza chochote, basi "to stripe" ni kukitia kitu mistari au milia, ama kwa rangi, ama kwa kufuma, ama kwa kukwaruza.

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapokwama mara ya kwanza. Sisi hatuna tendo moja la namna hiyo. Kutoka jina mlia hatusemi "kumilia" wala "kumliza", na mtu akisema hivyo msikilizaji ataelewa jambo jingine kabisa, la kilio au la chakula. Imetupasa kutumia tendo la kusaidia, na tendo hilo hubadilika kwa kadiri ya kazi yenyewe. Karatasi hupigwa mistari kwa rula. Ukuta hupakwa rangi kwa mistari. Nguo hutiwa milia na mfumaji. Uwanja wa mpira hupigwa chokaa. Mwanafunzi anayetafuta neno moja la Kiswahili liwezalo kuyabeba yote hayo atatafuta mpaka jua lichwe, na mwalimu anayemtaka alipate anamwonea.

Majina nayo yataka kupambanuliwa. Kwa masikio yangu mlia ni alama ya kitu chenyewe, iliyo katika mwili wake au katika uzi wake. Punda milia hakupakwa na mtu, naye paka mwenye milia alizaliwa nayo, na kitambaa cha milia kimefumwa hivyo. Mstari ni kazi ya mkono na kipimo. Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na kalamu na karatasi, na hata leo limeshikamana na maandishi, ndiyo sababu twasema mstari wa tatu wa sura ya tano. (Marehemu Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara kabla ya vita ile ya kwanza, alijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu katika Biblia yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937. Lakini mstari umeota mizizi kiasi kwamba sioni ni nani atakayeweza kuung'oa.) Mfuo ni alama iliyozama kidogo, kama njia ya maji juu ya udongo, ingawa wa pwani wameutumia pia kwa mstari wa rangi na kwa karatasi iliyopigwa mistari. Huku kwetu neno hilo ni jepesi kulifundisha, kwa maana akina mama wafinyanzi wa Kwai huchora mifuo katika vyungu vyao udongo ungali mbichi, na mtoto akitumwa kukigusa chungu kwa kidole huujua mfuo papo hapo pasipo kamusi. Mchirizi ni wa kitu kilichotiririka, kama rangi iliyomwagika ukutani au damu. Kwa hiyo fundi aliyepaka ukuta vibaya ametia michirizi, hakutia milia, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kulipwa na kutolipwa.

Sasa habari yangu. Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nalitakiwa kuongoza somo la jioni katika majuma ya Kwaresima, na somo lilikuwa Isaya 53. Kwa tamaa ya kuonyesha elimu yangu nikachukua Biblia ya Kiingereza, nikawaambia wasikilizaji kwamba katika lugha hiyo mstari wa tano una neno lenye maana ya milia. Nikaendelea kueleza kwa kirefu, nikataja punda milia, nikataja nguo, nikasema huenda nabii aliona vazi la huzuni la namna fulani lenye milia. Yote hayo niliyatunga mimi. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka kwa siri. Akasimama mzee mmoja, mkulima wa mboga, mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja, akaomba ruhusa ya kusema.

Akasema, "Mwalimu, uniwie radhi. Baba yangu alipokuwa kijana alifanya kazi katika shamba la mzungu, akapigwa kiboko. Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimsugua mgongo kwa maji ya moto wakati wa baridi, nayo ile mistari ilikuwapo mpaka siku tulipomzika. Sikupata kusikia mtu akiiita milia. Mama alikuwa akisema, zile ni fimbo za baba yako."

Kisha akaketi. Mimi sikuwa na neno. Nilimaliza somo haraka nikaenda nyumbani, na usiku ule nikakifungua kila kitabu nilichokuwa nacho.

Haya ndiyo niliyoyapata, nami nimeyahakikisha tena mara nyingi tangu siku ile. Katika Biblia ile ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo hata sasa husomwa na wengi, neno "stripe" halikutumiwa hata mara moja kwa mstari wa rangi. Kila mahali lilipo ni habari ya kupigwa: katika Kutoka 21, katika Kumbukumbu la Torati 25 panapowekwa mpaka wa mapigo arobaini, katika Mithali, katika Isaya, katika Luka 12, katika Matendo 16, katika waraka wa pili wa Paulo kwa Wakorintho, na katika waraka wa kwanza wa Petro. Na pale panapotajwa milia hasa, yaani habari ya Yakobo na kondoo na mbuzi wa Labani katika Mwanzo 30, wafasiri wale walitumia neno jingine, "strakes", lenye maana ya karibu na "streak". Yakobo ndiye mtia milia wa kweli katika Maandiko, maana alizibambua fito mbichi mpaka weupe ukaonekana kwa mistari. Na hapo, neno ambalo mwanafunzi wetu angelitazamia kulikuta halipo. Mtu angaliniambia hayo mapema, ningaliokoka na aibu ile.

Lakini hata katika habari za kupigwa neno hilo halina maana moja tu. Nyuma ya Isaya 53 liko neno la Kiebrania la chubuko, alama ya pigo iliyovimba au iliyovilia damu. Petro alipoyarejea maneno ya nabii alitumia neno la Kiyunani lenye maana iyo hiyo. Neno lililoandikwa katika Matendo 16 ni jingine, nalo ni pigo, na kwa kuwa yalioshwa ni wazi kwamba ni jeraha la pigo. Na katika Wakorintho wa pili, sura ya 11, Paulo anahesabu tu: arobaini kasoro moja, wala neno la pigo lenyewe halikuandikwa katika Kiyunani, limeachwa lijazwe na msomaji. Basi Kiingereza kimefunika mambo matatu kwa neno moja, nayo ni kitendo cha kupiga, hesabu ya mapigo, na alama iliyobaki mwilini.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walitambua jambo hilo. Katika Isaya na katika Petro hawakutafuta jina la alama, walilitumia tendo la kupigwa. Kwa Paulo wakaandika mapigo, na mapigo huhesabika. Mahali pamoja tu nadiriki kusema kwamba hawakunipendeza, napo ni Matendo 16, ambapo mlinzi anaosha mapigo. Pigo haliwezi kuoshwa, maana likiisha kupiga limekwisha kwenda zake. Kinachooshwa ni jeraha lake. Natumaini sitahesabiwa kuwa mwenye kiburi kwa kusema hivyo. Na wanyama wa Yakobo katika kitabu hicho wana milia, kama ipasavyo.

Niliwauliza wazee waliosomeshwa na walimu wa zamani kama wao walipata kulikosea neno hilo, wakasema hawakupata. Sababu yake naiona hivi. Wamisioni wa kwanza wa Kilutheri waliofika Mlalo mwaka 1891 walikuwa Wadachi, nao waliisoma Biblia ya Luther, na katika Isaya 53 Luther aliandika neno la jeraha tu. Tena Kidachi kina majina mawili mbali mbali: mlia wa nguo ni "Streifen", na alama ya mjeledi ni "Striemen". Mwanafunzi wa Kidachi hakuwa na nafasi ya kuyachanganya. Utata huu ulitujia pamoja na Kiingereza, baada ya Waingereza kuitwaa Usambara mwaka 1916 na shule kugeuza lugha.

Haifai hata hivyo kuwacheka Waingereza, kwa kuwa sisi tumefanya jambo lile lile kwa njia nyingine. Wao wameunganisha pigo na mstari katika jina. Sisi tumeviunganisha katika tendo. Twasema piga fimbo, na piga mstari. Twasema piga kiboko, na piga chapa. Mkulima hupiga matuta, mwandishi hupiga mistari, mwalimu mkali hupiga watoto, na tendo ni lilo hilo moja. Hata Kidachi kina "streichen", lenye maana ya kupitisha mkono au brashi na kupaka rangi, na ndugu yake "Streich" ni pigo. Nadhani asili yake ni mkono wenyewe. Mkono upitao juu ya kitu kwa nguvu huacha njia yake, iwe ni kalamu ulioshika au kiboko. Kwa hiyo mwalimu akitaka kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili utata wa "stripe", na aanze na piga. Mtoto ataelewa upesi, maana ameshakisikia kitendo hicho tangu alipoanza kusema.

Na kwa kuwa tumekitaja kiboko, yafaa kukumbuka kwamba katika nchi hii hesabu ya mapigo ilikuwa na jina lake. Wakati wa utawala wa Kidachi adhabu ya viboko 25 ilikuwa ya kawaida hata ikaitwa hamsa ishirini, na jina hilo lilidumu vinywani mwa watu muda mrefu baada ya Wadachi kuondoka. Msomaji akitaka kuwafahamisha watu wa Usambara yale arobaini kasoro moja ya Paulo, asiende mbali kutafuta mfano. Ila na aangalie ni nani walioketi mbele yake.

Kuhusu kutia milia kwa maana yake ya kwanza, nina mifano miwili ambayo wanafunzi wangu huipenda. Wa kwanza ni wa ng'ombe. Kwai ni mahali pa ng'ombe tangu zamani. Serikali ya Kidachi iliweka hapa shamba la majaribio mwaka 1896, ili kujaribu mifugo na mimea ya Ulaya katika baridi yetu. Basi mwaka 2019 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba waliwachukua ng'ombe weusi wakawapaka mistari myeupe kwa rangi, mfano wa punda milia, wakawalinganisha na ng'ombe wasiopakwa na wengine waliopakwa mistari myeusi juu ya weusi wao. Wale wenye mistari myeupe walitukiwa na inzi waumao kwa kadiri ya nusu tu ya wenzao. Husemwa kwamba inzi akikaribia milia macho yake hupotezwa asiweze kutua vema, na wengi sasa hufikiri kwamba hiyo ndiyo faida ya milia kwa punda mwenyewe. Nilipowasimulia wanafunzi, mmoja akauliza kama ng'ombe wale wangeitwa ng'ombe milia. Nikamjibu la. Punda ana milia, nao ng'ombe wale walipigwa mistari, kwa kuwa rangi yao huondoka. Akauliza tena, na punda akinyolewa je? Nikasoma, nikakuta kwamba ngozi ya punda milia chini ya manyoya ni nyeusi, nami nikalazimika kumwambia kwamba milia yake ni ya manyoya. Hata hivyo hujirudia yenyewe, na hiyo yatosha kwa kuitenga na rangi ya brashi.

Mfano wa pili hauchekeshi. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ukaenezwa baadaye katika sehemu nyingine za Usambara. Watu walilazimishwa kupiga matuta yakifuata mzunguko wa mlima, ili maji ya mvua yasichukue udongo. Mtu akiwa ng'ambo ya bonde aliona mlima mzima umetiwa milia. Walioupanga waliona mistari mizuri juu ya karatasi. Walioupiga, ambao wengi wao walikuwa wanawake, waliona kazi nzito juu ya kazi waliyokuwa nayo, na wasiotii walishtakiwa. Uchungu uliotoka hapo ulikuwa mkubwa, hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Mimi hulitumia jambo hili darasani kwa sababu moja ya lugha: Mwingereza aliyeandika juu ya mlima ule angeweza kusema kwa haki kwamba "stripes" zilikuwa juu ya mlima na juu ya watu pia, na maneno yake yangekuwa kweli kwa maana zote mbili. Kiswahili kingemlazimu achague.

Juu ya askari sina mengi. Alama za cheo mkononi mwa koplo na sajenti, ambazo Waingereza huziita kwa neno hili hili, sisi twaziita tepe, na aliyeshushwa cheo amevuliwa tepe. Hapo hakuna shida, wala sijapata kuona mtoto aliyekosea. Bendera ya Marekani nayo ina mistari 13, na sisikii mtu akisema milia, ingawa kitambaa ni kitambaa. Labda ni kwa sababu ile mistari ina hesabu na maana, nayo tumekwisha kusema kwamba mstari ni wa kipimo.

Basi nilimwambia yule mwalimu kijana asimnyime mtoto alama. Afute neno milia kwa wino mwekundu, juu yake aandike majeraha ya fimbo, na pembeni aandike kwamba katika Mwanzo 30 neno lake lingekuwa sahihi. Tena amwulize mtoto kwa mdomo, Je, kitu gani huoshwa usiku gerezani? Nikamshauri pia kwamba darasani asiwaachie wanafunzi kamusi peke yake panapotokea neno la namna hii. Awafundishe kuuliza kwanza maneno matatu: ni nani aliyeitia alama hii, ameitia kwa kitu gani, na juu ya nini. Akijibiwa kwamba ni askari, kwa fimbo, juu ya mgongo, neno mlia litaondoka lenyewe. Akijibiwa kwamba ni mfumaji, kwa uzi, juu ya nguo, litarudi.

Alikwenda akafanya hivyo. Juma lililofuata akanijia tena, safari hii na Luka 12 mkononi, habari ya mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende. Akaniambia kwamba amewauliza watoto yale maneno matatu, wakajibu vizuri mawili ya mwisho, lakini juu ya la kwanza, ni nani aliyemtia mtumwa yule alama, darasa limegawanyika, nao wanamngoja yeye. Nikamwambia aketi, nikamwomba mke wangu atutengenezee chai.